Vueni Mitalawanda

Uongo ukiandikwa kwa herufi nzuri, ukagongomelewa ukutani, watu huusoma wakivua kofia. Kibao cha saba cha Njia ya Urithi ya Caubrac kiliandikwa hivyo, kwa rangi ya dhahabu juu ya bati la kijani. Kilisema: "Mlango wa Huruma. Hapa, siku ya gharika kuu, familia ya Tourzery iliwafungulia nyumba yake watu wa mtoni. Kwa shukrani, walionusurika waliacha mitalawanda yao ya mti kizingitini. Mgeni anaweza kuiona ndani, katika kabati la kioo."

Anselme Bourdary alikisoma akiwa ameegemea mkongojo, manyunyu yakimlowesha kola. Akakirudia kwa kidole, neno baada ya neno, akidhani labda macho ya uzee yanamcheza shere. Hayakumcheza. Akatema mate chini ya kibao, akateremka Mtaa wa Chini, kwenye nyumba yake, ya mwisho ambayo bado haijauzwa kwa watu wa mijini wanaokuja kiangazi kuota jua.

Walionusurika! Katika ngazi za mlango ule hakunusurika mtu ila mtoto mmoja asiye na viatu, na mtoto huyo alikuwa yeye.

Caubrac ni vijiji viwili, kimoja kimepanda mgongo wa kingine. Chini, kando ya Mto, waliishi wachota mchanga, wavuvi wa mikunga na wafua nguo. Juu ya mwamba waliishi wenye mizabibu, kasisi na daktari. Kati yao kuna uchochoro mmoja wa ngazi za mawe, mwembamba kama shingo ya chupa, na juu kabisa ya uchochoro huo akina Tourzery wa kale walijenga nyumba wakauziba. Waliachiwa wauzibe kwa sharti moja: Mto ukipanda gatini, mlango wao wa nyuma uwe wazi, watu wa chini wapite ukumbini mpaka barabara ya juu. Hiyo iliitwa haki ya mlango. Haikuandikwa popote. Haki za maskini hukaa vichwani mwao, ndiyo maana ni rahisi kuzizamisha pamoja nao.

Siku ile ya Novemba nyumba ya Tourzery ilikuwa inamngojea askofu, aje kula chakula cha mchana kesho yake. Asubuhi Noémie Bourdary, mjane na mfua nguo, mama yake Anselme, alipanda kwa mlango wa watumishi, akapiga magoti, akaipaka nta sakafu nzima ya mbao za mwaloni. Alasiri Mto ukapanda. Watu wa chini wakakimbilia ngazini, huyu na kuku, yule na mtoto, na wachota mchanga na makoleo yao mabegani. Wakakuta mlango una komeo. Wakabisha. Bi Hortense Tourzery akaja nyuma ya mlango, wala hakuwa na ukali. Alisema taratibu, kama mtu anayewakumbusha adabu watoto wa jirani.

"Vueni mitalawanda kwanza. Nta bado mbichi."

Na wakavua. Hilo ndilo lililomkwama Anselme kooni maisha yake yote. Walikuwa na makoleo ya chuma na mikono iliyozoea kuinua mchanga mzito wenye maji, na mlango ulikuwa wa mbao. Hawakuuvunja. Waliinama mmoja mmoja katika viatu vyao vya mti, wakihangaika na kanda za ngozi zilizovimba, wakiombana radhi kwa kugusana viwiko. Aliyeinama kuliko wote alikuwa Noémie, kwa kuwa sakafu ile ilikuwa kazi yake, na magoti yalikuwa bado yanamuuma kwa ajili yake. Alikuwa anamvua binti yake mdogo, Ninette, akimgombeza kwa sauti ya chini asije akaacha hata alama ya kidole, pale ukuta wa gati ulipopasuka. Maji yakapanda uchochoroni kama mvinyo mchanga unavyopanda shingoni mwa chupa iliyotikiswa.

Anselme hakuwa na mitalawanda. Yake ilikuwa imepasuka na hakukuwa na mingine. Mwenye miguu mitupu hana cha kuvua. Alikuwa wa kwanza mlangoni, na Bi Hortense alipofungua upenyo kutazama kama wako tayari, akapenya chini ya mkono wake. Mlango ukafungwa nyuma yake. Alisikia kugonga, halafu hakusikia.

Maji yalipotoka, mitalawanda iliokotwa ngazini ikapandishwa darini. Yatima naye akaokotwa. Akapewa tambara na kopo la nta, akapiga magoti juu ya sakafu ile mpaka alipofika umri wa kuchukuliwa jeshini. Na kila aliyepita ukumbini alimwambia amebahatika.

Sasa Caubrac haina wachota mchanga. Ina Njia ya Urithi. Inaanzia gatini, inapita kwenye birika la kale la kufulia nguo, inapanda uchochoro, inaingia katika nyumba ya Tourzery ambayo wenyewe wameigeuza makumbusho, na kuishia kwenye duka la sabuni za mrujuani. Wiki moja kabla ya uzinduzi, meya alimjia Anselme nyumbani na keki ya plamu. Meya huyo ni Ghislaine Tourzery, mjukuu wa Hortense, mama mwenye sauti laini na mkono mwepesi wa kushika watu bega.

Alisema wanataka siku ile yeye Anselme awe ndani ya nyumba, nyuma ya mlango, na kitambaa chekundu cha shingoni kama cha watu wa mashua. Wageni watapanda ngazi wakitokea mtoni, meya atabisha, na Anselme atafungua. Aliyeokolewa jana afungue leo. Bwana mmoja mkubwa wa mkoa atakuwapo, na wapiga picha.

"Na kile kibao?" Anselme aliuliza.

"Kina nini, mzee wangu?"

"Kina uongo. Na mle kabatini mna mitalawanda ya Ninette. Ina kisamaki kisiginoni, baba alikichoma kwa waya wa moto. Nataka unirudishie, na pale muandike walikufa vipi. Muandike na jina la mama. Nikifanyiwa hayo nafungua mlango wako hata kwa meno."

Meya aliisogeza keki mbele ya mzee. Kisha akamshika bega, akasema atazungumza na kamati, neno lake ni neno. Alipoondoka, Anselme aliamini. Mtu anaweza kujua nyoka ni nyoka tangu utotoni, na bado siku moja akaona ngozi yake inavyometa akasema labda huyu ni tofauti.

Kamati ilikuwa Bwana Pélissou, mfamasia mstaafu, ambaye ndiye aliyetunga vibao vyote. Alikuwa na desturi ya kujibu mambo mkahawani, mbele ya watu, ili jibu liwe na mashahidi. Alimwita Anselme kutoka meza ya pili, akamwambia kwamba wageni hawaji Caubrac kulia, kulia wanaweza kulia makwao. Halafu, mtoto wa umri ule anakumbuka nini? Anakumbuka alichohadithiwa. Na nani alimhadithia, kama wote walikufa?

Watu wakacheka, si sana, cheko la watu wanaojua wapo upande gani wa meza. Mwenye mkahawa akaongeza lake wakati anamjazia Anselme glasi.

"Mwacheni mzee. Maji yalimtisha mpaka leo anakunywa mvinyo tu."

Hapo wakacheka kweli. Mzaha ule ulikuwa mkongwe kuliko mkahawa wenyewe. Anselme alitupiwa kwa mara ya kwanza akiwa na miaka ishirini, na aliyemtupia alikuwa babu wa huyu. Akanywa, akafuta mdomo, akaondoka. Njiani alijiambia kwamba Pélissou ni mbwa tu, neno ni la mwenye mbwa.

Jioni alikula kwa Zélie Combettes. Huyu naye alikuwa wa Mtaa wa Chini, shangazi na bibi yake walibaki katika ngazi zile. Yeye siku ile alikuwa amepelekwa kwa mjomba milimani kulinda bata. Walikuwa wakila pamoja kila Alhamisi tangu mumewe Zélie afariki, supu ya kitunguu saumu, kisha mvinyo unamiminwa katika mabaki ya supu na bakuli linainuliwa kwa mikono miwili. Zélie alimsikiliza mpaka mwisho.

"Selmo, wafu hawasomi vibao."

"Walio hai wanasoma."

"Walio hai wanasoma bei za sabuni." Akainua bakuli, akanywa, akaliweka. "Mimi wameniita nipande nao siku hiyo. Sisi vizazi vya mtoni tuwe nyuma kabisa, eti inapendeza zaidi, tunatoka majini. Ntapanda. Nataka nione uso wako utakapofungua."

"Wakitimiza, ntafungua."

"Na wasipotimiza?"

Anselme aliinua bakuli lake, akanywa mpaka mwisho. Zélie akamtazama juu ya ukingo wa bakuli, naye hakuuliza tena, na baadaye kila mmoja alikuwa na sababu ya kulikumbuka swali lile.

Siku ya uzinduzi mvua ilinyesha tangu alfajiri, na Mto ulikuwa wa rangi ya kahawa ya maziwa, umejaa mpaka mdomoni mwa gati. Haukuwa wa kutisha. Bwana Pélissou hata alifurahi, akasema hali ya hewa imejua kazi yake. Chini, maandamano yalipangwa: meya, bwana wa mkoa, Pélissou, wafadhili, wenye ngoma na zumari, wanakijiji wa juu, na mkiani wale wazee wachache wa Mtaa wa Chini, Zélie kati yao, gati likiwa limelowa nyuma ya visigino vyao.

Juu, msichana wa makumbusho alimfungulia Anselme mlango wa mbele, akamfunga kile kitambaa chekundu shingoni, akampa sapatu za sufu avae juu ya viatu. Kila aingiaye huvaa, alisema, kwa ajili ya sakafu. Kisha akaenda kusimama barabarani kuwangoja wageni na utepe.

Anselme akabaki peke yake ukumbini. Kilichomfikia kwanza kilikuwa harufu. Walikuwa wamepaka nta. Sakafu ilimeta kama mgongo wa farasi aliyesuguliwa, na magoti yake mwenyewe, magoti ya mzee, yakauma papo hapo bila kuguswa. Akateleza na sapatu zake mpaka kwenye kabati la kioo. Walikuwa wameweka taa mpya ndani. Mitalawanda ilipangwa kwa ukubwa, ya wanaume nyuma, ya wanawake katikati, na mbele kabisa ile midogo ya Ninette, visigino vikielekezwa kwa mtazamaji ili kisamaki kionekane, kwa kuwa kinapendeza. Na kadi chini yake ilikuwa ileile, imechapwa upya tu kwa herufi kubwa zaidi. *Kwa shukrani.*

Hakuna jina la mama. Meya hata hakusahau; aliyesahau haweki taa mpya.

Zumari zikasikika uchochoroni zikipanda, zikanyamaza. Mlango ukabishwa mara tatu. Nje, meya akasema kwa sauti ya jukwaani kwamba watu wa mtoni wanaomba njia.

Anselme aliweka kiganja juu ya komeo. Na kweli mkono ulianza kulivuta wenyewe, kama ulivyozoea kutumwa. Akauzuia.

"Vueni viatu kwanza," alisema. "Nta bado mbichi."

Nje vikazuka vicheko. Bwana wa mkoa akasema hii ni nzuri sana, hii ni nzuri mno. Pélissou akanong'ona kwamba haikuwa katika mpango lakini iachwe iendelee. Na wakavua. Anselme aliwasikia kupitia ubao, buti zikitoka kwa kugugumia, mtu akimwomba mwenzake bega la kushika, mwanamke akicheka kwamba soksi yake ina tundu mbele ya mkoa mzima, amri ikipokezanwa ngazi kwa ngazi kwenda chini: vueni, vueni, mzee anasema tuvue. Watu walioshiba, walioelimika, na hapakuwa na hata mmoja aliyeuliza kwa nini. Kumbe kutii si ugonjwa wa maskini peke yao. Mlango tu unatakiwa uwe wa mwingine.

"Tayari," meya akasema. "Fungua, mzee wetu."

"Sakafu haijakauka."

Vicheko vilikuja tena, vyembamba. Mvua ikaongezeka. Mtu akapiga chafya. Kisha pakawa kimya kile ambacho Anselme alikingojea tangu utoto, na ndani yake akasikia pumzi ya Ghislaine Tourzery imesogea karibu na tundu la ufunguo. Meya aliijua habari ya kweli. Hakuwa ameisoma kibaoni kwa Pélissou. Alikulia ndani ya nyumba ile, na ndani ya nyumba zile huwa wanajua.

"Anselme," alisema chini chini, sauti ya jukwaani imemwisha. "Watu wanaloa."

"Nasikia."

"Bibi yangu amekufa zamani. Mimi unanitaka nini?"

"Geuka. Waambie walikufa vipi. Useme na jina la mama. Nikilisikia nafungua."

 Meya angeweza kusema. Ilikuwa sentensi moja, haimnyang'anyi shamba wala kiti. Badala yake akaleta mdomo karibu zaidi.

"Ulikula mkate wa nyumba hii miaka mingapi? Nani alikutoa majini? Ulilelewa humu, Anselme, kama mtoto wetu."

"Ndiyo," Anselme alisema. "Kwa magoti."

Akaliacha komeo mahali pake. Akavua zile sapatu, akaziweka kando ya mlango, sambamba, kama mtumishi mwenye adabu. Akavuka ukumbi kwa buti zake zenye tope la Mtaa wa Chini, na kila hatua ilibaki nyuma yake kwenye nta. Mkongojo wake ulikuwa wa mti pori wa milimani, mgumu kama fupa. Kabati la kioo lilivunjika kwa pigo la pili.

Mlio ule, na mahali pembamba vile, walio juu hawakujua ni nini. Mmoja akapiga kelele kwamba dari linaanguka. Wa mbele wakageuka wakawasukuma wa katikati, wa katikati wakawasukuma waliofuata, wote miguu yao mitupu au soksi tu, juu ya mawe yenye ukungu wa kijani. Wakubwa walipata wa kuwashika; waliangukia watu. Zumari ilikanyagwa. Bwana wa mkoa alipoteza kiatu kimoja na heshima kidogo. Walioko mkiani hawakuwa na wa kuwaangukia. Nyuma yao kulikuwa na mawe, kisha gati.

Anselme hayo hakuyaona. Alikuwa ametoka kwa mlango wa mbele, mbele ya utepe na msichana aliyeshika mkasi, na mitalawanda ya Ninette ndani ya koti, akiwa na furaha ambayo hakuwa nayo tangu azaliwe, akatembea barabara ya juu nzima kifua mbele katika mvua.

Aliambiwa mkahawani. Waliokuwamo walimwacha kwanza aagize, akae, anywe nusu ya glasi. Halafu mwenye mkahawa akamwambia, huku akipangusa kaunta, kwamba Zélie amevunjika nyonga na mkono, na amepelekwa hospitali ya mjini. Wengine walichubuka tu.

"Safari hii maji hayakuhitajika," alisema mwenye mkahawa.

Hospitali alimkuta amelala chali, mdogo kuliko Alhamisi iliyopita, mguu ukivutwa na uzito uliotundikwa. Dirishani palikuwa na maua makubwa. Zélie akamwambia ni ya meya. Amekuja na mpiga picha. Wataweka mkono wa chuma wa kushikia katika zile ngazi, kwa usalama, na juu yake kibao kidogo chenye jina la Zélie Combettes. Kuhusu kile kibao cha saba, kinabaki. Kabati linatengenezwa. Meya hatamshitaki Anselme. Amewaambia watu ni mzee, na kwamba nyumba ya Tourzery haijawahi kumfungia mtu mlango.

"Kwa hiyo jina langu ndilo limepata ukuta," Zélie alisema. "Si la mama yako."

Anselme akatoa mitalawanda miwili kutoka kwenye koti, akaiweka juu ya shuka, kisamaki kikitazama dari. Zélie hakuigusa.

"Nilidhani watavua wale wa mbele tu," Anselme alisema. "Nyinyi nilidhani mtajua. Hukuitambua sauti yangu?"

"Niliitambua."

"Sasa kwa nini ulivua?"

Zélie aligeuza uso wake kuelekea yale maua.

"Pélissou angeniambia, nisingevua," alisema. "Hata meya. Lakini nilisikia ni wewe, Selmo. Nikainama, nikavua."